Tawi Tulilolikata

Majira yale ya baridi, umeme wa Kutaisi
ulikuja kwa saa mbili tu, ukaondoka bila kuaga.
Ndani ya saa hizo mashine ilipaswa kufikiri,
mimi nipike, Otia akaushe soksi zake.

Kila hatua ya sataranji ina wana thelathini,
kila mwana ana thelathini wake;
hatua ya tano tu, na ukoo hautoshei
katika kile kisanduku cha kijivu
tulichokinunua kwa pete ya mama yangu.

"Kata," alisema Otia, mvunja sigara nusu kwa nusu.
Akaandika: inayopoteza kete kubwa bila malipo ya papo hapo
isifuatwe.
Na kweli, programu ikapaa. Jana iliona hatua sita, leo kumi.
Ikawapiga wanaume wote wa kiwanda cha malori.
Tukaiita Sulguni, jina la jibini,
kwa kuwa tulikuwa na njaa.

Kisha akaja Natela, miaka kumi na mmoja,
glavu mbili zisizojuana.
Hatua ya ishirini na tatu akamwacha malkia
mbele ya askari, kama mtu anavyosahau mwavuli.
Sulguni ikala.
Farasi. Ngome. Farasi tena.
Mfalme wetu akafia pembeni,
amebanwa na watu wake mwenyewe.

Usiku, kwa mshumaa, nilisoma karatasi za mashine.
Tawi lile lilikuwepo. Tulilishika mkononi.
Tulilikata mapema kwa kuwa lilifanana na upumbavu.

Tukalegeza: kila tishio kwa mfalme lifuatwe,
kila kete inayoliwa ifuatwe mpaka vumbi litulie.
Basi ikaona kila kisu kilichokuwa mezani
isione njaa iliyokuwa njiani;
ikashindwa polepole, hatua ya sitini, kwa askari mmoja.
Tukakaza. Tukalegeza.
Robo ya askari, nusu ya askari, namba moja
iliyotunyima usingizi hadi theluji ikayeyuka.
"Huwezi kuogopa kila mlango," Otia alisema.
Nikamuuliza: basi niogope upi?

Machi nilimkuta Natela sokoni, anakula mbegu za alizeti.
Siku ile, nikamuuliza, uliangalia hatua ngapi
kabla ya kumtoa malkia?
"Moja."
Na zile nyingine?
Akatema ganda.
"Nyingine zipi?"

Umeme ulikuwa urudi saa moja.
Nikatembea haraka, mkate kwapani.