Hesabu ya Mikono

"Mbukwenyi," alisema mwenyekiti. "Wanaokubali, wanyooshe."
Nikashika kalamu na daftari.
Kazi yangu kuhesabu, si kusema.

Tulikuwa nyuma ya ghala la alizeti, mwezi wa nane,
upepo ukitusagisha mchanga menoni,
ule upepo unaobandua mabati huku Mpwapwa
na kuyalaza njiani kama mikeka.
Mtaalamu wa mjini ameshika kofia kwa mkono mmoja,
kwa mwingine kipande cha kioo cheusi
kinachokunywa jua, alisema, na kutema taa.

Kabla ya kura Bi Sechelela aliomba nafasi.
"Jua hili limetubabua tangu tuzaliwe.
Limekausha mtama wetu ungali mimba,
limelinywa lambo hadi likabaki vigae.
Halijawahi kutuletea bili.
Leo mnalifunga mita?"
Watu wakacheka. Mtaalamu hakucheka.
Alitafuta jibu kwenye karatasi zake;
upepo ukachukua mbili, watoto wakazikimbilia.
Mwishowe akasema, "Mama, jua ni bure. Waya ndio wa kununua."
"Hapo sasa umesema,"
akaketi, akakunja mikono.

Basi nikaanza, kutoka upande wa mashine ya kusaga.

Mkono wa Yaledi, mkunga wa zahanati:
umepokea watoto sitini kwa mwanga wa simu
aliyoibana kwa meno.
Wa sitini na moja, simu ilizima.
Hakusema zaidi. Hatukuuliza.

Mkono wa Ndahani wa bodaboda,
ulioruka juu hoja ikiwa bado kinywani mwa mtu.
Nikauandika hivyo hivyo.

Mikono ya safu ya akina mama, mingi, haraka,
mmoja umeshika mtoto, mmoja umeshika ungo,
nikalazimika kurudia.

Kisha mkono wa Chiwanga. Kalamu ikasita.
Ule weusi wa kucha hautoki hata kwa magadi;
mkaa wake umeezeka nyumba, umesomesha wawili,
magunia yake yenye kofia za majani
yamesimama kando ya barabara miaka yote kama walinzi.
"Hata wewe?" mwenyekiti akamuuliza.
"Kilima kimeisha," alisema.
"Zamani nilikata mti huku nikisikia mashoka ya wenzangu.
Sasa natembea kutwa kuutafuta,
kama anayedai deni kwa marehemu."

Mkono ambao haukunyooka ni wa Mnyangwila,
mwenye mashine ya dizeli.
Mkopo wake una miezi kumi na minne mbele,
na mwaka wa njaa ni yeye aliyetusagia kwa deni,
wengine hatujamaliza kulipa.
Aliulizwa kama anapinga. Akasema, "Napiga hesabu."
Nikaandika: mmoja, hapana.
Nikapigia mstari, asije akasahaulika
siku mashine yake itakaponyamaza.

Nikarudi kwa Bi Sechelela.
Alikuwa ameinua kiganja, lakini hadi usawa wa bega tu,
kama anayejikinga mwanga.
"Umekubali au umekataa?"
"Andika nusu," alisema. "Nusu nyingine
njoo uichukue nyumbani taa ikiwaka."

Mtaalamu alituaga. Watarudi kabla ya mvua.
Hakusema mvua za mwaka gani,
na vumbi la gari lake lilichelewa kutua.

Usiku nikanakili muhtasari kwa koroboi,
moshi ukipanda puani, ukichora masharubu ukutani,
karatasi ya serikali ikipata doa la masizi
pale pale palipoandikwa *nishati safi*.
Nikajumlisha mara tatu.
Ndipo nikakumbuka mkono wangu:
ulikuwa na kalamu, haukupanda.

Mia mbili kumi na sita na nusu.
Kesho nitamuuliza mwenyekiti
kama sheria inaruhusu nusu,
na kama mwenye kuhesabu
anaweza bado kunyoosha.