Zamu ya Usiku, Mpira Uko Magharibi

Timu ikicheza magharibi, sisi wa Lorain
tunaisikiliza tukikanda.
Kwao giza ndiyo kwanza linaingia.
Kwetu saa sita imepita, unga umefika hadi kwenye kope,
na redio ya Béla, iliyofungwa kwa utepe mweusi wa fundi umeme,
imekaa juu ya gunia la chumvi, mbali na maji.

"Kijana huyu anasema mno."
Kila usiku Béla anaanza hivyo,
kama mwingine anavyoanza kwa bismillahi.
Kijana ni Kendrick, mtangazaji mpya:
kasi ya mpira, pembe ya gongo, upepo,
chakula alichokula mrushaji mchana.
"Mzee Tuttle alijua kunyamaza.
Mpira mkononi mwa mrushaji, Tuttle kimya,
ukamsikia muuza karanga akinadi kule juu,
ukasikia mtu anapiga chafya,
halafu ta! Gongo.
Ndipo aseme: Huo umekwenda.
Maneno mawili, na wewe umeuona."

"Alinyamaza kwa sababu alisinzia," anasema Migdalia,
kisu chake kikipasua migongo ya mikate.
"Miaka yake ya mwisho kila Mpuerto Rico
alikuwa Ramón. Hata Mkuba. Hata yule wa Panama.
Kendrick angalau hulitamka jina la mtu
kama mama yake anavyolitamka."

Béla analibamiza donge mezani.
Kwa hilo hana jibu, kwa hiyo anahamia kwa Dobrow.

Dobrow! Kidonda kibichi.
Mkono wa kushoto, misimu sita,
wakamtoa Julai kwa vijana watatu:
mmoja goti bovu,
mmoja hata picha yake hatujaiona,
wa tatu Eudis Barrientos.
"Wameuza ng'ombe anayekamwa," anasema Wanda mlangoni,
daftari la hesabu kwapani,
"wakanunua kamba tatu."

Na Eudis ndiye anayeingia sasa kupiga.
Mapigo kumi na saba katika mia.
Mpira wa kupinda humpita
kama mdeni anavyompita mwenye duka.

"Mpe muda," anasema Migdalia. "Hata unga..."
"Usiniambie habari za unga!" Béla anageuka, mweupe hadi masikioni.
"Unga naujua. Dakika arobaini, umeumuka au haukuumuka.
Huyu tumemfunika kitambaa tangu mwaka jana!"

Mimi nasugua trei. Sisemi.
Sijawaambia kwamba masika yaliyopita,
nikipeleka mikate kwenye hosteli ya timu ya vijana,
nilimkuta uani kabla ya jua, na ufagio usio na kichwa,
mpishi akimrushia vizibo vya soda.
Kizibo huyumba kama nzi mlevi.
Alivipiga. Sikuhesabu, lakini ukuta wa bati
ulilia kama mvua, na mpishi aliomba kupumzika.
Kwa nini sisemi? Labda kwa kuwa wataniuliza
vizibo vinaandikwa wapi kwenye jedwali.

Mbili zimempita. Anaukwangua wa tatu, unatoka pembeni.
Wa nne, pembeni. Wa tano.
Kisha redio kimya.

Béla anainua kidole chenye unga.
Betri? Au Kendrick amejifunza?
Tunasimama wanne, hata Wanda,
na ndani ya kimya kile, mbali, mbali sana,
mtu anauza karanga.

Ta!

"Juu," anasema Kendrick, kwa sauti ndogo. "Nyuma kabisa... ukutani..."
Glavu ya mtu mwingine imeufikia.

Hakuna anayesema kitu.
Kengele ya tanuri inalia, na kengele haijui mpira.
Béla anachukua koleo la mbao.
"Dobrow," anasema akiwa ameinama kwenye moto,
"angekuwa anapumzika benchi usiku huu, hata hivyo."

Migdalia anaongeza sauti ya redio.