Ghorofa ya Kumi na Nne

Maboksi yameandikwa kwa wino mzito:
Arica, limekatwa. Coyhaique, limekatwa.
Porvenir nimelikata mwenyewe,
nikaandika Santiago, herufi zikabanana pembeni
kwa kuwa nafasi imekwisha.

Nibaldo ni sajini. Yeye hupewa karatasi,
karatasi hupewa muhuri,
na sisi hupewa siku kumi na tano.
Yeye anajua kukunja shati likae kama bahasha.
Mimi najua kuvisha vikombe soksi za watoto.
Tangu tuoane kimevunjika kimoja tu,
na hicho nilikivunja kwa makusudi.

Kule kisiwani watoto hujifunza kutembea wakiegemea upepo.
Usicheke. Damir alipotimiza mwaka
alisimama nje ya lango la kambi, akainama mbele,
upepo ukamshika kifuani kama mjomba,
akapiga hatua nne.
Tulipomrudisha ndani, akaanguka.

Sasa ana miaka sita, Danica mitatu na nusu,
na hapa mjini hewa imesimama kama foleni ya benki.
Danica hunyosha mikono nyuma ya wavu wa roshani,
anangoja.
"Mama, nani kauzima?"
Sikuwa na jibu. Nilimkatia tikiti maji.

Damir husalimia kila mtu kwenye lifti,
kama alivyosalimia mji mzima kule, kwa jina.
Hapa majina hayajui, basi huwaita kwa vitufe:
Habari za asubuhi, Bwana Tisa.
Shikamoo, Bibi Ishirini na Mbili.
Bibi hutazama simu yake.
Bwana Tisa, siku ya tatu, aliitikia.

Kwenye treni ya chini ya ardhi nawafunga viunoni
kwa mkanda wa begi la jeshi,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
na abiria wananitazama
kana kwamba nimeiba mbuzi wawili.

Baba yao siku hizi yuko ofisini, anahesabu mablanketi.
Buti zake hazioni tope.
Hata hivyo kila usiku hutandika gazeti, akazipiga kiwi,
na harufu hiyo ndiyo nyumba pekee
ambayo hatujawahi kuihama.

Jumanne ya pili ya Machi, saa nane za usiku,
jengo likaanza kuyumba.
Vijiko vikasemezana ndani ya droo.
Taa ya sebuleni ikaenda, ikarudi, ikaenda.
Nibaldo yuko zamu.
Nilikimbia chumbani, nikawakuta wameketi kitandani,
Danica kanyosha mikono, uso wote meno:
"Umekuja! Upepo umetufuata!"

Damir anajua tetemeko ni nini,
shuleni wameshawafundisha kuingia chini ya dawati.
Alinitazama mimi. Akamtazama dada yake.
"Ndiyo," akasema. "Umepanda ngazi."

Kisha mlango ukagongwa,
mara ya kwanza tangu tuhamie.
Mwanamke wa mlango wa pili, miguu mitupu,
mtoto kamfunga ndani ya taulo.
Anaitwa Yulimar, katoka Maracaibo,
ana mwezi mmoja hapa, na kwao ardhi hutulia.
"Litaanguka?"
Nikamwambia majengo ya hapa yamefunzwa kucheza.
Nikalisema kwa sauti ya mtu aliyezaliwa mtaa huu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone;
ila usiku ule, mwenyeji alikuwa nani?

Nikatafuta vikombe. Vilikuwa bado ndani ya boksi
lenye miji minne ubavuni.
Nikauchana utepe kwa meno,
nikavivua soksi, kimoja kimoja,
naye akanywa chai mikono ikitetemeka
hata baada ya jengo kuacha.

Asubuhi soksi zilikuwa zimelala mezani, hazina kazi.
Damir akachukua mbili azivalie shuleni.
Akavuta, akavuta.
Kisigino hakikuingia.