Pete ya Luanda

Baba hakunifundisha kuhesabu kwa vidole.
Alinifundisha kwa stesheni:
Kisumu moja, Kisian mbili, Lela tatu,
Maseno nne, Luanda, hapa tulipo, tano,
Yala sita, na Butere, mwisho wa chuma, saba.
Nane haikuwapo. Nilipoingia shule
mwalimu alicheka nilipofika saba
nikageuza, nikaanza kurudi Kisumu.

Reli ilikuwa moja, treni mbili:
ile ipandayo na chumvi na mabati,
ile ishukayo na pamba, mahindi, na kuku wenye hasira.
Kwa hiyo kulikuwa na pete,
duara la henzirani pana kuliko kifua changu,
na katika mfuko wake wa ngozi kipande cha shaba
kilichochongwa majina mawili, Luanda na Yala.
Asiyeishika haendi.
Hata awe amembeba mkuu wa wilaya na mbwa wake.

Usiku Obare wa Yala aligonga kengele mara mbili,
baba akamjibu mara mbili,
na siku nyingine wakaongeza moja isiyo kitabuni,
maana yake: umekula?

Kisha baba alisimama ukingoni mwa jukwaa,
kandili kushoto, mkono wa kulia umenyooshwa
kama wa mtu anayepokea mtoto.
Dereva hakusimama. Alipunguza tu.
Pete ya Maseno ikashuka, pete ya Yala ikapanda,
na bega la baba likabaki na alama ya zambarau
ambayo mama aliikanda kwa maji ya chumvi
akinung'unika kwamba mke mwenzake ni wa chuma.

Nyanya aliijua njia kabla haijawa njia:
Kalasinga na mnyororo wake wa kupimia,
vijana wakibeba mataruma, wawili kwa moja,
na shamba lake la wimbi likikatwa katikati
likawa mashamba mawili na shilingi sita.
Shilingi zilikwisha. Muhogo wake
aliuanika kwenye kokoto za serikali hadi alipokufa.

Treni ya mwisho ilitoka Butere Jumanne, na mvua.
Dereva alirusha pete, baba akaidaka,
akakaa kusubiri kengele.
Lori lilikuja likachukua meza, saa ya ukutani,
hata mlango wa choo.
Pete hawakuijua ni nini.

Akaja nayo nyumbani.
Kwa sheria, maadamu imetundikwa nyuma ya mlango wetu
hakuna kitu kati ya Luanda na Yala.
Hakuna mbuzi. Hakuna kibanda cha mtumba juu ya reli.
Hakuna wale wa usiku waliong'oa mataruma
wakayapeleka kwa mhunzi, yakawa majembe.
Baba aliwaona wote.
"Hawapo," alisema, akaendelea kunywa uji.

Halafu wakaja vijana wa fulana za rangi ya chungwa,
wakapiga rangi jina la stesheni, wakapima.
Baba akatoka na fimbo mkono mmoja, pete mkono wa pili.
"Siku hizi ni redio, mzee,"
alisema yule aliyeitwa Chumo, kwa adabu,
akampa kidude akishike.
Baba alikiweka sikioni. Alisikiliza sana.
"Sauti," alisema, "wanaweza kuisikia wawili."
Akarudi nayo.

Tulimzika Machi, kabla ardhi haijalowa.
Jana niliivaa pete begani,
nikaingia kwenye reli, uso kuelekea Yala.
Nilihesabu mataruma; palipokosekana, niliruka.
Mama mmoja aliyebeba omena kichwani alinipisha.
Mchunga ng'ombe akaniuliza kwa sauti
naenda wapi na gurudumu lisilo na baiskeli.

Sikusimama.
Nilipunguza tu.