Safu ya Nne

Fomu mpya hazijafika. Mpiga chapa anangoja karatasi,
karatasi inangoja meli.
Basi tumepewa zile za zamani, mabunda kwa mabunda,
taji limeota juu ya kila moja kama uyoga,
na kila karani amepewa rula.
Amri ni hii: piga mstari juu ya taji. Mmoja, ulionyooka.
Napiga mia kabla ya chai.
Wino wa Serikali mwepesi. Taji linachungulia.

Safu ya kwanza, jina. Ya pili, mahali pa kuzaliwa.
Ya tatu, kazi.
Ya nne ni asili na kabila, kwa herufi ndogo,
na hiyo hatukupewa amri nayo.
Nilimuuliza mkubwa wangu. Akatazama feni.
“Ijaze kama ilivyokuwa ikijazwa.”
Kisha: “Au iache.”
Kisha akaenda kula.

Alikuja Caetano Rebelo, fundi cherehani wa Mtaa wa India.
Aliwashonea magavana suruali nyeupe,
sasa anawashonea mawaziri. Viuno, anasema, havitofautiani sana.
Nimwandike Mgoa? Goa yenyewe imebadili bendera juzi,
naye hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Alikuja Bi Kalombo wa Kariakoo.
Babu yake alibebeshwa pembe kutoka Manyema,
akatua mzigo, hakurudi.
“Andika Mmanyema.” Nikaandika.
“Futa, andika Mswahili.” Nikafuta.
“Andika mwenye nyumba, bwana! Vyumba sita, paa la bati,
na wapangaji wa makabila yote hayo unayoyatafuta,
na hakuna hata mmoja anayelipa kwa wakati.”

Farajala, Mnubi, hakuketi.
Babu yake alipigana kwa Mdachi, baba yake kwa Mwingereza, huko Bama.
“Zamu yangu imefika,” akasema. “Nipigane na nani?”
Nikamwambia hakuna vita, ni fomu tu.
Akanitazama kama mtu anayedanganywa na mtoto.

Halafu Mzee Mwinyikondo, Mzaramo.
Palipokuwa minazi ya babu yake, leo pana majani yaliyokatwa sawasawa
na mbwa wenye majina.
Cheti cha kuzaliwa hana. Rebelo anavyo vitatu, vyote na muhuri.
“Hawa wote walinikuta,” akasema, bila hasira,
akiwaonyesha waliokuwa kwenye foleni.
“Leo nithibitishe kwamba nimezaliwa kwetu. Kwa nani?”
Kwangu mimi, Gama, Mngoni wa Peramiho,
ambaye babu za babu zake walivuka Zambezi na ngao,
wakakuta watu, wakawaambia: kuanzia leo ninyi ni sisi.
Mkuki haukuwa na safu.
Wala sisemi ulikuwa bora.

Jioni narudi kwa miguu, napita Mnazi Mmoja.
Waliuacha uwanja huu mtupu, Uhindini huku, Kariakoo kule,
upana ambao, walihesabu, mbu hawezi kuuvuka.
Mbu alivuka usiku ule ule.
Sisi ndio tuliochelewa.
Sasa tunauvuka kila siku, na bado najikuta
nafunga kifungo cha shati nikikaribia ng’ambo.

Jana nilijaza fomu yangu mwenyewe.
Kwenye safu ya nne niliweka rula, nikachovya kalamu.
Nikikata, Rebelo atalala usingizi.
Nikikata, nani atajua tena minazi ilikuwa ya nani?
Tone la wino likaanguka pembeni.
Nikaondoa rula,
nikaacha nafasi wazi, nyembamba, kama uwanja ule ukiutazama kutoka juu ya ghorofa.

Leo imerudishwa mezani kwangu.
Mwandiko wa mkubwa, penseli nyekundu:
Haijakamilika.
Na chini yake, kwa penseli ileile, akakumbuka kuongeza:
taji halijakatwa.