Siku Niliyogeuza Boti

Milima ya Kongo, siku za vumbi la Agosti, huwa haipo.
Ikionekana, ni mstari wa penseli uliofutwa vibaya.
Jana ilikuwa karibu mno. Niliweza kuhesabu makorongo yake,
na hilo sikulipenda.

Nimeyaandika kwenye daftari, lile la kurasa mia,
lenye harufu ya petroli na dagaa:
alfajiri umande unashuka kutoka vilimani
taratibu, kama mama anayefunga mlango mtoto amelala.
Saa nne unachoka.
Mchana ziwa linavuta pumzi na kuirudisha nchi kavu.
Hayo ya kila siku hata injini inayajua.

Lakini Oktoba haina adabu.
Tuliondoka Kibirizi saa saba, abiria thelathini na wanne,
magunia ya unga, bati kumi na mbili, jogoo wa Ruhomvya.
Tulipoipita Mtanga upepo ukafa.
Haukupungua. Ulikufa, kama redio iliyoishiwa betri.
Moshi wa kambi ya wavuvi ukasimama wima,
kisha ukainama kuelekea magharibi,
kule kule wingu linakotoka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Nikaugeuza mkono wa injini.

"Wewe Spesioza, umesahau nini?"
"Simu yangu inasema jua!"
Mama Nyandwi alikuwa anawahi maziko Mwamgongo. Hakusema neno.
Alinitazama tu, na hilo ndilo lililonichoma.

Nikawarudisha. Nikarudisha na nauli, noti kwa noti;
petroli lita kumi na nane, hasara yangu.
Tukakaa ufukweni tukitazama magharibi
kama watu waliokuja kumpokea mgeni.

Mgeni hakuja.
Wingu lilikwenda kunyesha kusini, Kalya au popote,
jua likazama, maji yametulia kama mawese kwenye sahani.
Vijana wakanipigia makofi.

Usiku, kwa tochi ya simu, niliandika:
*Milima karibu. Upepo ulikufa saa nane na robo.
Moshi uliinamia wingu. Dhoruba: hakuna.*
Nikaacha mstari mmoja mtupu.

Nje, waliokosa safari walikuwa wamelala mchangani
wakinisema, na wala hawakunong'ona.
Nikatega sikio, nikazihesabu sauti.
Nilipofika thelathini na tatu nikarudia, zikawa zile zile,
moyo ukaruka,
mpaka nikakumbuka Mama Nyandwi ni mtu wa kimya.
Nikamjumlisha.