Kisu cha Temeke

Kilikaa Temeke miaka kumi na tisa,
droo moja na vijiko,
kikinywa unyevu wa bahari kwa mpini wake wa mfenesi.
Kikakata bamia, ndimu, shingo za kuku wa Idi,
wala hakikulalamika.

Kisha serikali ikahama, nami nikahama nayo.
Nikakifunga ndani ya khanga
katikati ya masufuria,
kwenye lori la watu wanne tuliochanga nauli.

Nkuhungu. Mwezi wa nane.
Upepo wa huku haupigi hodi.
Wiki ya kwanza ikapasuka midomo,
ya pili visigino,
ya tatu nikasikia *ta!* jikoni usiku
nikadhani panya.
Kulipokucha, mpini una ufa
kutoka ribiti ya juu hadi kitakoni,
ufa wa kuzamisha ukucha.

Ndahani wa duka la misumari akacheka, si kwa ubaya.
"Mbao za pwani zikija huku hulia mara moja, halafu huzoea.
Waya usifunge. Maji usiloweke.
Chukua supa gluu, mia tano."
Kichupa kama cha dawa ya macho.

Akanipa na namna:
anika kwanza, gundi na maji hawapikiki chungu kimoja;
chokonoa ufa kwa sindano, toa mafuta yaliyoganda
(hapo nikasita,
maana yale mafuta ni ya mama,
ni nazi ya mikono yake);
dondosha tone, subiri lizame,
nyunyiza unga wa msumeno, tone tena,
kisha kaza kwa mpira wa baiskeli
kama unamfunga mbuzi aliyekwisha kuujua mnada.
"Na usiguse."

Niligusa.

Dole gumba likang'ang'ania mpini.
Nusu saa tumeshikana, mimi na kisu,
kama maharusi kwenye picha za zamani,
maji ya uvuguvugu, sabuni,
Nyemo wa jirani akikimbilia mafuta ya alizeti
huku anajizuia kucheka.
Nikabanduka. Ngozi kidogo ikabaki.

Jumatatu, Mtumba, mlangoni kwa ofisi,
mashine ya mahudhurio ikanikataa.
Mara tatu. Taa nyekundu.
Nyuma yangu foleni ikaguna.
Mlinzi akaniuliza jina
kana kwamba Ijumaa hatukuagana.
Miaka ishirini na miwili masjala,
nikaandikwa kwenye daftari la wageni.

Jioni nikapiga msasa,
ule mkali, kisha ule laini,
nikapaka alizeti kwa kitambaa cha shuka kuukuu.
Ufa sasa ni uzi mweusi,
uuone kama unaujua.
Chini ya ribiti pana kibonde
alichokichimba mama kwa gumba lake,
kitunguu kwa kitunguu.
Na ubavuni mwa kibonde, ndani ya gundi,
mahali msasa haukufika,
vimistari, duara ndani ya duara:
kidole changu.
Sikukisugua.

Leo nimekatia vitunguu vya Singida.
Vikali, vimeniliza vizuri.
Mkono umekaa.
Kesho nitaijaribu tena ile mashine,
labda kwa kidole kingine.